Majilio Kwa Anayengoja: Namna ya Kupita Wiki Nne Bila Kukata Tamaa

"Tutakupigia." Kama umewahi kufanya usaili wa kazi, neno hilo unalijua. Mimi niliambiwa mwezi wa kumi mwaka 2016, kwenye ofisi moja ya hapa Dar es Salaam, na dada wa mapokezi aliyenifungulia mlango akaongeza kwa huruma, "Usizime simu tu, kaka." Sikuizima. Nililala nayo kifuani. Bafuni niliingia nayo nikaiweka juu ya mfuniko wa ndoo. Kanisani niliiweka kwenye mtetemo, na kila ilipotetemeka moyo uliruka, kumbe ni ujumbe wa kunikumbusha kwamba kifurushi kinakaribia kuisha.

Majilio ya mwaka ule, yaani wiki za kuingojea Krismasi, yalinikuta katika hali hiyo. Padre anahubiri kukesha na kungoja, mimi najiambia moyoni: kukesha nimeshakesha, na kungoja ndiyo kazi pekee niliyonayo. Nilichokosa ni namna. Mtu hufundishwa kusonga ugali, hufundishwa kuendesha baiskeli, lakini kungoja anaachiwa ajifunze mwenyewe. Haya ninayoandika niliyaokota kidogo kidogo mwaka ule na miaka iliyofuata. Mengine yametoka kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, na lililo kubwa zaidi limetoka kwa mama yangu, ambaye hakujua kama ananifundisha.

Ni mwongozo wa mtu anayeingia Majilio akiwa na jambo lake: majibu ya hospitali, mtoto asiyepatikana, kesi ya kiwanja inayoahirishwa kila mwezi, mume aliyekwenda machimboni na sasa hapokei simu. Kama wewe mwaka huu huna unachongoja, mshukuru Mungu, kisha nenda moja kwa moja kwenye hatua ya sita. Wenzako wanakuhitaji.

Hesabu siku zako kwanza

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Jumapili hiyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo urefu wa kipindi hubadilika: kuna mwaka wa siku 22 na kuna mwaka wa siku 28. Mwaka 2016 Krismasi ilikuwa Jumapili, nami nikapewa zote 28. Fungua kalenda, hesabu, andika idadi. Usikadirie, maana anayengoja akiachiwa kukadiria, siku tano kwake ni mwezi.

Ujue pia kwamba kipindi kina vipande viwili. Hadi 16 Desemba masomo ya Misa yanatazama zaidi kuja kwa Bwana siku ya mwisho. Kuanzia tarehe 17 yanageukia Bethlehemu. Padre huvaa zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili, lakini Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima ambako nayo huwekwa kando. Hapo ndipo ninapopenda. Kanisa lina njaa ya kumwona Bwana wake na bado linaimba.

Hatua ya kwanza: andika unachongoja

Fanya hivi Jumamosi jioni, kabla ya Jumapili ya kwanza. Chukua karatasi uandike sentensi moja. Usiandike "nangoja maisha mazuri", wala "nangoja Mungu atende". Andika kama unavyomweleza karani wa dirishani: nangoja nini, kutoka kwa nani, tangu lini. Yangu ilisema, "Nangoja ile ofisi inipigie kuhusu nafasi ya uhasibu, tangu Oktoba." Nabii Habakuki naye aliambiwa aiandike njozi kwenye vibao isomeke vizuri, ndipo akaambiwa hata ikikawia aingojee (Habakuki 2:2-3). Kuandika kulitangulia kungoja.

Chini ya sentensi hiyo piga mistari mitatu. Wa kwanza ni sehemu yako, wa pili ni sehemu ya watu wengine, wa tatu ni sehemu ya Mungu peke yake. Gawanya jambo lako humo. Mimi kwenye mstari wa kwanza niliandika: kuthibitisha upya nakala za vyeti kwa wakili, kutafuta nafasi nyingine mbili, kusafisha viatu. Wa pili: wao kuamua, wao kupiga simu. Kuusoma ule mstari wa pili nikaelewa kwa nini nilikuwa nachoka hivyo. Usiku kucha nilikuwa nafanya kazi ya afisa utumishi wao, nikipanga kichwani jinsi watakavyokaa kikao, nani atasema nini juu yangu, na bila mshahara.

Kunja karatasi, iweke ndani ya Biblia au chini ya shada la majani na mishumaa utakalotengeneza. Huna haja ya kumwonyesha mtu.

Hatua ya pili: tengeneza shada kwa ulichonacho

Watu wengi huacha shada la Majilio wakidhani linataka misonobari ya Ulaya na mishumaa ya dukani yenye rangi zake. Mwanzo wake haukuwa hivyo. Lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwenye makao ya watoto maskini yaliyoongozwa na mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa swali lilelile kila siku: Krismasi lini? Akatafuta gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili, wakawa wanaongeza mmoja kila siku. Wakatoliki tulilipokea baadaye sana. Kwa hiyo kitu hiki kilibuniwa kwa ajili ya watoto wasioweza kungoja, wapate cha kuhesabu kwa macho. Nilipolijua hilo niliacha kuona aibu.

Chukua sinia, mimina mchanga mkavu, simamisha mishumaa minne ya kawaida. Mchanga unaishika vizuri na unaepusha moto. Kama unataka rangi, funga utepe wa zambarau kwenye mitatu na wa waridi kwenye mmoja. Majani weka yasiyonyauka upesi: kwetu tuna jirani Mchagga ambaye huleta isale, linakaa mbichi wiki nzima. Ukipenda, nyunyiza maua ya mkrismasi. Mti huo ndio saa ya Majilio hapa mjini, huanza kuwaka mwekundu Novemba wakati hakuna aliyeuambia.

Kila jioni fanya hivi. Zima televisheni, zima taa, kisha zima feni, la sivyo mshumaa hautawaka. Dar es Salaam mwezi wa Desemba, kuzima feni ni sadaka tosha. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye awashe: mmoja wiki ya kwanza, miwili ya pili, hadi minne. Mmoja asome mistari michache. Kaeni kimya kwa muda wa Baba Yetu tatu, kisha kila mmoja aseme neno moja kama analo. Zimeni mshumaa, washeni feni. Dakika saba zinatosha. Ukiongeza rozari nzima, nyimbo nne na mahubiri ya baba mwenye nyumba, siku ya tatu watoto watakuwa na usingizi ghafla.

Siku ukisahau, endelea kesho bila kufidia.

Hatua ya tatu: soma fungu moja wiki nzima

Hapa sina maneno mengi. Anayengoja hana kichwa cha kusoma sura nzima, basi achukue fungu moja na kulirudia siku saba. Wiki ya kwanza soma Isaya 40:1-11, yenye maneno ya faraja kwa watu waliokaa uhamishoni Babeli mpaka watoto wao wakazaliwa huko. Ya pili, Isaya 11:1-10, chipukizi linalotoka katika kisiki cha Yese. Aliyewahi kukata mwarobaini uani kwake akidhani amemalizana nao atalielewa fungu hili bila padre. Ya tatu, Isaya 35, jangwa linalochanua. Ya nne, Luka 1, polepole.

Hatua ya nne: uliza swali la Yohane

Jumapili ya tatu inaitwa Gaudete, yaani furahini. Padre mwenye vazi la rangi ya waridi hulivaa siku hiyo, na parokia isiyo nalo hubaki na zambarau. Mwaka 2016 ilikuwa tarehe 11 Desemba. Nilikuwa nimeingia kanisani nimenuna, maana siku ya kuambiwa furahini ndiyo siku mbaya zaidi kwa mtu ambaye simu yake haijalia. Ikasomwa Injili ya siku hiyo, Mathayo 11.

Yohane Mbatizaji yuko gerezani. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anasema ilikuwa ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Ni Yohane yuleyule aliyembatiza Yesu mtoni, aliyesema hastahili hata kuvichukua viatu vyake. Sasa kutoka kifungoni anatuma wanafunzi wake wakaulize: wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Maisha yake yote aliyatoa kwa jibu la swali hilo, na leo analiuliza upya kana kwamba hajawahi kulijua.

Nilikaa wima. Kanisa lingeweza kuchagua kisa kingine cha kusoma siku ya furaha, likachagua mtu mwenye mashaka akiwa jela.

Angalia na jibu. Yesu hakumkemea. Wala hakusema, mwambieni Yohane mlango utafunguliwa Ijumaa. Alisema, nendeni mkamweleze mnayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kwenye orodha hiyo gereza halimo. Yohane aliletewa habari za watu wengine waliopona, akiwa bado ndani, na tunajua kwamba hakutoka hai. Sijui wewe unalionaje jibu hilo. Mimi mara ya kwanza lilinikera. Baadaye nikaligeuza kuwa zoezi, na ni zoezi hilo hasa lililonivusha.

Lina sehemu mbili. Kwanza, andika swali lako kwa Mungu bila kulipamba, jinsi Yohane alivyofanya. "Umenisahau?" ni swali halali. "Mbona wengine?" ni swali halali. Lisome kwa sauti mbele ya mshumaa, hata kwa kunong'ona kama nyumba ina watu. Lisome mara moja, kisha liache.

Pili, kila jioni andika mstari mmoja wa ulichokiona au ulichokisikia siku hiyo, na mstari huo usihusu unachongoja. Sharti ni hilo. Daftari langu la mwaka ule ninalo mpaka leo. Lina mistari kama hii: "Mtoto wa jirani aliyelazwa kwa nimonia amerudi, leo anakimbiza kuku." "Kondakta kanirudishia chenji niliyoisahau, kanifuata mpaka nje." "Fundi cherehani wa kona kapata mteja wa sare za shule nzima." Siku nne zimeandikwa, "Leo sijaona." Hizo nazo ziandike. Ukilazimisha kuona, daftari litakuwa la uongo, na ukilirudia mwezi wa pili halitakusaidia kitu.

Neno moja kwa uzito wake. Ikiwa umepoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au umeanza kufikiri kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu leo hii na uende kituo cha afya. Mshumaa hautibu sonona. Kwenda kwa daktari nako kunaingia kwenye ule mstari wa kwanza, sehemu yako.

Hatua ya tano: panda kabla ya mvua

Kwetu ni Dodoma, upande wa Bahi. Mvua ni moja tu kwa mwaka. Hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Mwaka mzuri mvua huja mwanzoni mwa Desemba, mwaka mbaya hujua yenyewe. Wiki ya pili ya Majilio nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekupigia?"

"Bado. Huko mvua imenyesha?"

"Bado."

"Unafanya nini sasa?"

"Napanda."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza anapandaje na ardhi kavu. Akanijibu kwa mshangao wa kweli, "Sasa ikinyesha ndipo niende kutafuta jembe?"

Wanaoishi huko wanajua anachosema. Kuna kupanda kwa kuberega: unakwangua magugu na mabua ya mwaka jana, hulimi, unachimba vishimo vidogo kwenye vumbi, unatia mbegu za mtama au uwele, unafukia kwa unyayo, unasogea hatua moja. Mbegu inalala humo mkavu kwa mkavu. Mvua ya kwanza ikishuka inaikuta tayari iko chini, na kwenye nchi ya mvua chache wiki moja ya kuwahi ndiyo gunia. Mtume Yakobo anapotaka kueleza subira anamtaja mkulima anayengoja mvua (Yakobo 5:7). Miaka yote nilikuwa namwona mkulima huyo amekaa barazani anatazama mawingu. Mama alinisahihisha. Mkulima anayengoja ana vumbi mpaka kwenye kope.

Kwa hiyo hatua ya tano ni hii: chagua kazi moja ndogo ambayo ni ya mtu anayetarajia, uifanye kabla dalili haijaonekana. Anayengoja kazi aboreshe wasifu wake, anyooshe shati la usaili alitundike. Anayengoja mgonjwa arudi, afue shuka za kitanda chake. Anayengoja kupatana na mtoto aliyeondoka kwa hasira, aweke sahani yake mezani Jumapili hata kama itakaa tupu. Iwe kazi ya mikono, imalizike kwa siku moja, isitegemee ruhusa ya mtu.

Ila mama aliniongezea jambo ambalo wahubiri hawalisemi. "Mbegu zote usipande." Kwenye ardhi kavu mbegu ina maadui: sisimizi wanabeba, kware wanafukua, na pengine mvua ya kwanza inanyesha ya kudanganya, mbegu inachipua halafu jua linaichoma. Ndiyo maana mkulima mwenye akili huacha debe la kurudishia. Mvua ikishika kweli anapita na kuziba mapengo. Hilo nalo lifuate. Usimwambie kila mtu kwamba mambo yameshakuwa. Usikope kwa kutegemea mshahara usioujua. Usikatae nafasi ndogo kwa sababu unaisubiri kubwa. Mimi mwezi ule nilianza kuwafundisha hesabu watoto watatu wa mtaani kwetu jioni, kwa elfu mbili mbili, nikisema ni ya kusogezea siku tu.

Na simu, kama unachongoja kinapita kwenye simu, ipangie saa. Itazame saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ikilia utasikia. Ofisi hazipigi saa tano usiku, na ujumbe wa majibu hauji upesi zaidi kwa sababu umeutazama mara arobaini.

Kuhusu kelele za Krismasi zinazoanza Kariakoo tangu Novemba, ushauri wangu ni mfupi: nyumbani ziache zisubiri. Nyimbo za kuzaliwa zianze mkesha. Wanakwaya wanasamehewa, wao wanazifanyia mazoezi tangu Septemba.

Hatua ya sita: usingoje peke yako

Malaika alipomwambia Mariamu habari za mimba yake, alimtajia na mwanamke mwingine: Elisabeti, mzee, mwezi wake wa sita. Mariamu akaondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, akakaa huko kama miezi mitatu. Elisabeti mwenyewe alikuwa amejificha miezi mitano (Luka 1). Injili haisemi walichokuwa wakifanya siku zote hizo, lakini yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye mjamzito anajua: walichambua mboga, walilalamika miguu imevimba, walicheka.

Katika jumuiya yetu tuna desturi ya jioni moja kila wiki ya Majilio. Mzee mmoja hupitisha kapu, simu zote zinaingia humo. Baada ya sala, anayetaka anasema sentensi moja: "Nangoja..." Wote tunaitikia, "Tunangoja nawe." Basi. Ushauri hauruhusiwi. Ulikatazwa baada ya mama mmoja aliyengoja mtoto miaka tisa kutuambia kwamba sentensi ya "wakati wa Mungu ndio wakati sahihi" ameshaambiwa na kila mtu, hata na dereva wa bodaboda, na kwamba siku akisikia tena ataondoka na kiti chake. Hatukuwa na la kujibu. Sentensi hiyo ni kweli, lakini ya kumwambia mtu mwingine si yako. Mpelekee sukari, mpelekee unga, mlindie mtoto aende kliniki, ukae naye kwenye benchi la hospitali bila kuhubiri.

Kuna na uchungu wa kuondoa njiani. Anayengoja muda mrefu hujikuta ana hasira na watu: aliyeahidi akasahau, ndugu mwenye uwezo asiyepokea simu. Kabla ya kwenda kitubio, tafuta mmoja wa kupatana naye. Nilitaja isale. Kwa Wachagga jani hilo ni la msamaha, na anayekuja kwako ameshika isale si rahisi umfukuze. Mwaka mmoja mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliyekuwa hasemi na jirani yake kwa sababu ya mtaro wa maji, alisimama katikati ya sala, akachomoa jani kwenye shada, akatoka nalo. Tulisikia geti likigongwa. Alikaa huko saa nzima, sisi tukala karanga. Shada likabaki na pengo upande wa kulia hadi Krismasi, na hakuna aliyetaka kuliziba.

Kuanzia 17 Desemba

Sasa kipindi kinabadilika. Katika Masifu ya Jioni Kanisa huimba antifona saba, yaani viitikio vifupi vya sala, moja kila siku hadi tarehe 23, kila moja ikimwita Kristo kwa jina: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Zote huishia na ombi moja: njoo.

Nyumbani fanya hivi: kila jioni andika jina la siku kwenye kipande cha karatasi, lisome, kisha sema "njoo" ukitaja mahali. Usiseme njoo tu. Njoo wodini. Njoo kwenye kile chumba cha kaka. Tarehe 20, siku ya Ufunguo wa Daudi, antifona inaomba mfungwa atolewe gerezani, nami humkumbuka Yohane.

Tarehe 23 wape watoto fumbo. Chukua majina hayo kwa Kilatini, Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel, uyapange kutoka la mwisho kwenda la kwanza, usome herufi za mwanzo. Unapata maneno mawili ya Kilatini, ERO CRAS: kesho nitakuwapo. Wiki nzima ulikuwa unaita, na jibu lilikuwa linajipanga nyuma yako herufi moja moja.

Krismasi ikifika kabla ya ulichongoja

Yawezekana sana. Basi asubuhi ya tarehe 25 nenda Misa, kula pilau, vaa nguo yako nzuri. Unachosherehekea ni kuzaliwa kwa Bwana, na huko hakutegemei simu yako. Jioni fungua ile karatasi ya kwanza. Ongeza tarehe. Kama sentensi bado ni ileile, iache hivyo. Kama imebadilika, andika mpya chini yake bila kuifuta ya zamani. Daftari la "nilichoona" liendeleze mpaka angalau tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya Simeoni na Ana, mjane wa miaka 84 ambaye alikuwa hatoki hekaluni (Luka 2). Wale ndio wazee wa chama chetu.

Ile ofisi haijanipigia mpaka leo, na namba nimeshabadilisha. Wale watoto watatu wa hesabu walifika kumi na moja kabla ya Pasaka, nikatafuta ubao.

Mama alinipigia wiki ya kwanza ya Januari, usiku. Nilipokea nikasema shikamoo, sikusikia kitu ila mngurumo. Nikaita, mama, mama, mtandao mbaya? Kumbe alikuwa ameinyanyua simu juu karibu na bati. Alipoirudisha sikioni alikuwa anapiga kelele ili asikike: kware wamekula mistari miwili karibu na kichuguu, kesho alfajiri anarudishia.